Mwalimu Apige Hodi Kabla Mtoto Hajafika Shuleni

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetujaalia watoto wawe pambo la maisha yetu na amana mikononi mwetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, katika makala yetu ya Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo wengi wataliona dogo. Nalo ni mtu aliyefunzwa elimu ya malezi kuzitembelea nyumba zenye watoto wadogo, akaketi na mzazi mkekani, akamsaidia kuifahamu hali ya mtoto wake kabla mtoto huyo hajafikia umri wa kwenda shule. Zipo nchi ambazo kazi hii imekabidhiwa mamlaka za shule za wilaya. Rai yetu ni kwamba jambo hili lina asili katika dini yetu na lina manufaa yaliyothibiti, na kwamba sisi Waislamu tunapaswa kuliunga mkono hapa kwetu badala ya kulitilia shaka.

Kilio cha mtoto na amri ya Khalifa

Amepokea Ibn Sa'd katika kitabu chake Tabaqat kwamba msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi katika uwanja wa kuswalia. Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) akamwomba Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) wakeshe pamoja kuwalinda wageni wale na wezi. Usiku Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamuusia amche Mwenyezi Mungu na amtendee wema mwanawe, kisha akarudi mahali pake. Kilio kikaanza tena, naye akaenda akamuusia kama mara ya kwanza. Ulipofika mwisho wa usiku akakisikia mara ya tatu. Safari hii akamlaumu yule mama, akamuuliza ni kwa nini mtoto hakutulia usiku kucha.

Yule mama, asiyemjua anayezungumza naye, akamjibu kwamba anamwachisha ziwa kwa nguvu, kwa kuwa Umar hawapangii posho ila watoto walioacha kunyonya. Mtoto alikuwa wa miezi michache tu. Umar akaswalisha Alfajiri huku watu wakishindwa kuutambua vyema usomaji wake kwa kulia. Baada ya swala akaamuru itangazwe kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, kwani tangu siku hiyo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapangiwa posho. Akawaandikia hivyo magavana wa miji yote.

Tuzingatie, ndugu wasomaji. Kanuni ile ilikuwa njema, na iliwekwa kwa ajili ya watoto. Lakini huko chini, katika mahema ya maskini, ilikuwa inawanyima watoto maziwa ya mama zao. Madaftari ya Diwani hayakuonesha hivyo, na hapana karani aliyeleta taarifa. Khalifa alilijua jambo hilo kwa kusogea alipo mama na mtoto wake. Tena mara mbili za mwanzo alitoa nasaha tu, na nasaha haikumnyamazisha mtoto. Ni pale alipouliza sababu ndipo ukweli ulipodhihiri.

Mgeni aliyemuuliza mtoto habari za ndege wake

Lipo pia lile lililopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.). Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na desturi ya kuizuru nyumba ya Umm Sulaym, mama yake Anas. Katika nyumba hiyo alikuwamo mdogo wake Anas, mtoto mdogo aliyeitwa kwa lakabu ya Abu Umayr, naye alikuwa na kindege akichezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.), aliyebeba mzigo wa umma mzima, akamgeukia mtoto yule na kumuuliza kwa maneno mepesi yenye vina habari za kile kindege chake.

Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Abul-Abbas at-Tabari ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika risala nzima juu ya Hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida zaidi ya 60. Kuzuru nyumba za watu, kumtania mtoto kwa upole, kumwita kwa jina la heshima na kuijali huzuni yake ni miongoni mwa mafunzo ambayo wanazuoni wameyapata humo. Basi mtu asiseme kwamba kumtembelea mtoto mdogo nyumbani kwao na kuzungumza naye ni mila ya kigeni.

Pengo lililo katika nyumba zetu

Zamani katika miji yetu ya pwani, na hata bara, mzazi hakuachwa peke yake. Alipojifungua alikuwapo mkunga, alikuwapo mama yake au shangazi yake, na wanawake wa mtaa waliingia na kutoka mpaka arobaini ipite. Hata baada ya hapo bibi alikuwapo uani, akimwimbia mjukuu, akimsemesha, akimwambia mama kwamba mtoto huyu anachelewa kukaa au hageuki anapoitwa.

Leo mambo yamebadilika. Binti ameolewa akahamia mji mwingine, anaishi katika chumba cha kupanga, na mama yake yuko mbali. Baba anatoka Alfajiri na kurudi baada ya Isha. Mtoto huachwa na dada wa kazi ambaye naye ni mtoto, au huwekwa mbele ya televisheni au simu ili anyamaze. Kliniki humpima uzito na kumpa chanjo, nalo ni jambo la kushukuriwa, lakini muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni hana nafasi ya kukaa na mama mmoja saa nzima. Shule nayo humpokea mtoto katika darasa la awali akiwa na umri wa miaka 5. Baina ya kliniki na shule ipo miaka ambayo mtoto hujifunza kusema, kupenda, kuogopa na kuamini watu, na katika miaka hiyo mzazi wengi hawana wa kuwauliza.

Hapana shaka gharama ya pengo hili ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wana udumavu. Udumavu si ufupi wa kimo peke yake, kwani mara nyingi huambatana na udhaifu wa kujifunza. Mtoto wa namna hii anapofika darasani na kushindwa huitwa mvivu, pengine huchapwa, ilhali tatizo lilianza kabla hajajua kulitamka jina lake.

Yaliyofanywa na wenzetu

Nchini Marekani shule za umma huendeshwa na wilaya za shule, ambazo kwa kawaida husimamiwa na bodi iliyochaguliwa na wakazi wa eneo husika. Katika jimbo la Missouri, walimu waliona kwamba watoto wanaoanza shule wametofautiana mno kabla hata ya somo la kwanza. Mwaka 1981 wilaya 4 za shule zilianza kwa majaribio mpango uitwao Parents as Teachers, yaani wazazi wakiwa walimu. Mwaka 1984 Gavana Christopher Bond alitia saini sheria iliyoueneza mpango huo katika wilaya za shule za jimbo zima.

Utaratibu wake si mgumu. Mwelimishaji aliyefunzwa huitembelea familia nyumbani kwa miadi, humwonesha mzazi kile ambacho mtoto wa umri ule huanza kukiweza, hucheza na mtoto mbele ya mzazi, kisha humwachia mzazi aendelee mwenyewe. Ukuaji wa mtoto, usikivu wake na uoni wake huchunguzwa ili kasoro ijulikane mapema. Wazazi hukutanishwa wao kwa wao, na familia yenye shida kubwa huelekezwa panapopatikana msaada.

Lakini liko jambo moja katika sheria ile ambalo tunaomba msomaji alishike. Sheria iliilazimisha wilaya kuutoa msaada, na haikumlazimisha mzazi kuupokea. Wajibu uliwekwa juu ya anayepiga hodi, na hiari ikabaki kwa mwenye nyumba.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Jamaika. Katika mji wa Kingston, kuanzia miaka ya 1986 na 1987, Profesa Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachunguza watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya wa mitaa yao saa moja kila wiki kwa muda wa miaka miwili. Wahudumu hao hawakuwa madaktari. Walikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, wakamfundisha mama namna ya kumsemesha mtoto na kucheza naye. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi kile cha wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25.

Hatutaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kila mpango wa namna hii umezaa matunda makubwa. Majaribio ya mpango ule wa Missouri yaliyofanywa katika jimbo la California, na matokeo yake kutolewa mwaka 1999, yalionesha faida ndogo kwa jumla. Ziara chache zilizotawanyika, zenye mgeni asiyefunzwa vyema na anayebadilishwa kila mara, huleta machache. Kwa hiyo tunapolidai jambo hili tulidai likiwa kamili.

Tukumbuke pia kwamba mipango hii ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kukatwa fedha zinapopungua. Missouri yenyewe iliipunguzia fedha kazi hii baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008. Sababu ni nyepesi kuifahamu. Mtoto wa miezi 6 hapigi kura wala hamwandikii diwani barua. Analia tu, na anayekisikia kilio chake ni yule aliyesogea karibu.

Khofu za wazazi na adabu za hodi

Tunajua kwamba wako wazazi ambao wakisikia habari ya mtu wa serikali kuja nyumbani, mioyo yao hushtuka. Huuliza: Je, anakuja kukagua umaskini wetu? Je, ataandika siri zetu na kuzipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa? Je, atamfundisha mke wangu mambo yanayopingana na dini? Na mwanamume mgeni ataingiaje kwangu nami sipo?

Khofu hizi hatuzidharau, kwa sababu nyumba ya Muislamu ina haramu yake. Lakini dini iliyoipa nyumba heshima hiyo ndiyo iliyoweka njia ya kuiingia. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe, na akatuamrisha turudi tukiambiwa turudi. Mtume (S.A.W.) naye amefundisha kwamba mwenye kuomba ruhusa mara tatu asipopewa, aondoke. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana.

Kutokana na mafundisho haya tunaona kwamba mpango wowote wa kutembelea familia ukubalike kwa masharti. Mgeni awe mwanamke, tena anayejulikana mtaani kwa uaminifu. Aje kwa miadi, apige hodi, na akiambiwa leo hapana nafasi arudi kwa uso mkunjufu. Asiombe wala kupokea zawadi. Siri ya nyumba aifiche, isipokuwa pale mtoto anapodhuriwa, kwani hapo kunyamaza ni kushiriki katika dhulma. Wala asiingie kama hakimu. Mama aliyechoka anahitaji kuulizwa yanayomsibu kabla ya kuambiwa anayokosea.

Masharti haya yakitimia, mwenye kuufunga mlango ajiulize anamfungia nani. Aliye nje ana kazi yake na mshahara wake. Anayekosa ni mtoto aliye ndani.

Tunachokiomba

Kwanza, tunaziomba halmashauri zetu za wilaya na miji ziifanye kazi hii kuwa sehemu ya elimu ya awali. Disemba 2021 taifa letu lilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26 na kuwahusu watoto hadi umri wa miaka 8. Katika misingi yake, pamoja na afya na lishe, yamo malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Misingi hiyo haitimii kwa kubandikwa ukutani mwa ofisi. Iwepo bajeti ya wanawake wa mtaani watakaofunzwa, watakaolipwa na watakaosimamiwa. Mwalimu wa awali mwenye watoto tele darasani asibebeshwe mzigo huu jioni bila malipo, kwani hiyo nayo ni dhulma.

Pili, tunaziomba kamati za misikiti na madrasa zitoe watu. Uwezo tunao. Katika mji wa Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said akiungwa mkono na Taasisi ya Aga Khan alianzisha mpango wa shule za awali za madrasa, ambao ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mpango ule uliwachukua wanawake wa mitaa ileile, ukawafunza ualimu, ukachanganya mafunzo ya dini na elimu ya awali, na ukatumia vifuu, mbegu na vitambaa kuwa vifaa vya kujifunzia. Ikiwa mama zetu waliweza kujenga madarasa kwa njia hiyo, hawashindwi kuipeleka elimu ileile hatua chache zaidi, mpaka kwenye kizingiti cha nyumba ya jirani. Nauli na vifaa vitoke katika sadaka na wakfu wa msikiti. Na nyumba itakayokutwa haina chakula, wenye zaka wajulishwe kwa siri, kwani mafukara na maskini ndio waliotajwa mwanzo katika Suratut Tawba, aya ya 60.

Tatu, tunawaomba akina baba wawepo. Tumezoea kuyaita malezi ya mtoto mdogo kuwa ni kazi ya mama. Lakini katika Suratul Baqara, aya ya 233, panapotajwa kunyonyesha kwa miaka miwili kamili, baba ameamrishwa kumlisha na kumvisha mama kwa wema, na hata kuachisha ziwa kumefungamanishwa na ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Na al-Aqra bin Habis alipomwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana watoto 10 na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume alimtahadharisha kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Miadi ya mgeni iwekwe siku ambayo baba yupo, naye akae asikilize, amchukue mtoto mapajani, ajifunze kucheza naye.

Nne, tunawaomba akina mama wasione haya. Kuuliza kuhusu mtoto si dalili ya kushindwa. Mama zetu waliuliza, na waliokuwa wakiulizwa walikuwa uani. Sasa hawapo uani, basi tumfungulie anayekuja kwa niaba yao.

Ndugu katika imani, kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Khalifa Umar (R.A.) alilia kwa sababu aliona kwamba kanuni yake iliwafikia watoto kabla yeye mwenyewe hajawafikia. Viongozi wetu wana kanuni nyingi, nasi viongozi wa dini tuna nasaha nyingi mimbarini. Kilichobaki ni hatua za miguu mpaka mlangoni, na subira ya kuketi na kuuliza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, awape wazazi wao subira na maarifa, awajaalie watakaopiga hodi majumbani mwetu ikhlasi na ulimi mwema, na awawafikishe viongozi wetu kuwajali wale wasioweza kujisemea. Amin.

Wabillahi taufiq.